Nilimfunika Marehemu kwa Kaswida

Nimekosea, na safari hii sina wa kumsingizia. Si shetani, si betri, si umeme kukatika. Ni mimi, kwa akili zangu timamu na kwa ulimi huu huu ninaoutumia kusalimia watu.

Nawaandikia ninyi msionijua kwa sababu wanaonijua nimeshindwa kuwaambia. Kila nikijaribu nageuza maneno, naanza kuzungumzia mpira. Mke wangu ananiuliza mbona siku hizi hucheki, namjibu nimechoka na kazi. Kazi gani! Laiti angejua.

Mimi ni mpiga picha za video, naishi Masasi. Harusi, maulidi, mahafali, sherehe za watoto wakitoka jandoni, zote napiga. Na mara mojamoja kituo fulani cha runinga hunituma nikawachukulie picha za habari huku kusini: mnada wa korosho, ziara ya mkubwa, daraja limekwenda na maji. Basi watu wakaanza kuniita "wa runinga". Jamani, jina lile lilinilevya! Nilinunua kizibao chenye mifuko mingi kama wanavyovaa wale wa mjini, nikawa nakivaa hata nikienda sokoni kununua nyanya.

Nawaeleza haya ili mjue ni mtu wa namna gani aliyepanda kwenda Newala asubuhi ile.

Majina nimeyabadilisha. Mzee nitamwita Mzee Hamisi, mkulima wa korosho wa huko Mnyambe. Alikuwa ameniona ghalani siku ya mnada nikimbana mwenyekiti wa chama chao maiki ndogo kwenye kola, na jioni yake akamsikia mwenyekiti huyohuyo kwenye runinga, sauti safi mpaka pumzi inasikika. Akaitafuta namba yangu kwa watu, akaiweka. Muda ukapita, akaanza kuumwa, na alipoona maradhi hayamwachii akanipigia mwenyewe. Alisema hataki harusi wala habari. Anataka aseme maneno yake, yakae.

Nilikwenda msimu wa baridi, ukungu bado umelala kwenye mikorosho. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba kwa sauti nzito isiyofanana na mwili ulivyokwisha. Alikuwa amevaa kanzu na koti juu yake, amekaa kwenye kiti baraza ya nyuma, pale panapotazama shamba.

Kwanza akawatoa watu wote. Mpwa wake, nimwite Shaibu, ambaye ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali kwa pikipiki yake, akatumwa Newala mjini kununua kitu. Binti yake Somoe akatumwa maji. Hata mkewe, Mama Somoe, aliambiwa akae jikoni na mlango urudishwe. Nikashangaa, nikamuuliza mzee mbona hata mama anamtoa. Akanijibu:

"Akiwepo watasema nimetiwa maneno. Nataka waone mdomo ni wangu peke yangu. Wewe na chombo chako ndio mashahidi."

Mimi na chombo changu. Haya.

Sasa niwaeleze ilivyokuwa, na wenzangu wa kazi hii mtanielewa upesi. Siku iliyotangulia nilikuwa kwenye harusi Chiwata. Bwana harusi nilimbana ile maiki, na alipokwenda chooni nikabonyeza kitufe cha kuzima sauti, maana nani anataka kusikia ya chooni? Aliporudi shughuli ilikuwa imeshafungwa. Nikamvua maiki, nikaitupia kwenye begi vilevile ilivyozimwa.

Kwa Mzee Hamisi nikaitoa, nikambana kwenye kola, kile kisanduku chake nikakificha ndani ya koti kisionekane kwenye picha. Kisanduku kina taa. Ikiwa kijani sauti inapita, ikiwa nyekundu imezibwa. Iliwaka nyekundu mle ndani ya koti tangu mwanzo hadi mwisho, na kamera ukishaichomeka maiki ya nje huwa inaziba sikio lake yenyewe, yaani maiki yake ya ndani.

Hedifoni nilikuwa nazo. Zilikuwa shingoni! Nilizivaa shingoni kama mkufu. Simu nilikuwa nayo mfukoni, ningeiweka tu pale mezani irekodi, ingetosha kabisa. Sikuiweka.

Mtauliza nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa natazama uso. Jua lilikuwa limeanza kupenya ukungu, linampiga upande mmoja, na zile chale za kizamani alizochanjwa mashavuni zinaonekana mojamoja. Nikasema moyoni, picha hii wakiiona kule kituoni watanijua mimi ni nani. Mtu anatoa maneno yake ya mwisho, na mimi ndicho nilichokuwa nikikiwaza.

Alizungumza Chimakonde, ili wapwa zake wasije wakasema Kiswahili kimemchanganya. Mimi ni Mmakua, Chimakonde naambulia salamu na vitu vichache vya sokoni. Nilisikia jina la mkewe, nikasikia la Somoe, yakirudi na kurudi. Kuna mahali aliinua mkono, akanyoosha kidole shambani, akakishikilia hapohapo huku akiendelea kusema. Mwisho akainamisha kichwa, akanipa ishara nizime.

Mama Somoe alipotuletea chai, mzee akamwambia kwa Kiswahili, mbele yangu, kwamba ameshamaliza na sasa hakuna wa kumwondoa pale. Mama akaiweka chai mezani. Akakaa chini kwenye mkeka, akajifuta uso kwa upindo wa khanga.

Aliponisindikiza kwenye pikipiki ndipo akanieleza. Huku kwetu wengi tunafuata upande wa mama. Mwanamume akifa, shamba la ukoo linarudi kwa watoto wa dada yake. Mama Somoe hakuwa na ubishi na hilo. Alisema mashamba ya kule bondeni ni ya ukoo, wayachukue kwa heri. Lakini hili la nyuma ya nyumba walilinunua yeye na mumewe likiwa pori. Aliyewauzia alishakufa. Walilifyeka wao wawili, na mikorosho aliipanda yeye kwa mikono yake, Somoe akiwa mgongoni. Wakati huo Shaibu alikuwa mtoto mdogo, anachojua yeye ni kwamba yote ni ya mjomba. Kwa hiyo hapakuwa na kitu kingine cha kumlinda ila neno la mumewe. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.

Jioni ileile, nyumbani Masasi, nikafungua kazi kwenye kompyuta. Picha nzuri mno. Mdomo unacheza, sauti hakuna.

Nikaongeza mpaka mwisho. Nikabadilisha spika. Nikavaa hedifoni, safari hii masikioni. Kimya! Nikaichomoa kadi, nikairudisha, nikaipuliza kama mtu anayepuliza jiko. Nikakitoa kile kisanduku kwenye begi, nikaona kitufe kilivyokaa, nikaelewa.

Jambo la kufanya lilikuwa dogo tu. Kesho yake nipande pikipiki, nirudi Mnyambe, nimwambie mzee nimekosea, naomba tuanze upya. Alikuwa hai. Alikuwa na kauli yake. Nilinyanyua simu, nikalitafuta jina lake, nikalitazama. Kisha nikaanza kuwaza. Mzee atamwambia mwenyekiti, mwenyekiti atawaambia wa ghalani, na ghala zima litacheka kwamba yule wa runinga karekodi bubu. Nikaiweka simu chini. Nikajiambia nitakwenda Jumatatu.

Jumatatu nikapata harusi. Ikafuata mahafali upande wa Chidya. Nikawa natafuta kazi hata za bure ili nisiwe na nafasi, ndivyo nilivyokuwa! Somoe akawa ananipigia, baba anauliza kazi imefikia wapi, anataka kuiona. Nikamjibu bado naisafisha sauti. Akapiga tena, nikamjibu vilevile. Naisafisha sauti! Sauti ipi, enyi watu?

Ilifika mahali nikamwonyesha rafiki yangu mmoja Mmakonde, fundi cherehani hapa mjini, bila kumwambia ni nani, nikamuuliza kama anaweza kubahatisha mdomo ule unasema nini. Akatazama kidogo, akaniuliza kwani huyu mzee anatafuna karanga. Nikacheka naye. Mungu anisamehe kicheko kile.

Siku ya mwisho Somoe aliponipigia hakuuliza kazi. Alisema baba amefariki.

Nilikwenda kuzika. Nililibeba jeneza pamoja na Shaibu, ambaye alikuwa analia kama mtoto kwa sababu mjomba yule ndiye aliyemlea. Msibani nikasikia wanawake wakimpa pole Mama Somoe na kumuuliza ataishije, naye akawajibu kwa utulivu kwamba mzee ameacha neno lake, liko kwa mwanangu wa Masasi. Mwanangu! Nilikuwa nimekaa hatua chache tu kutoka pale, nikajifanya nasoma simu.

Mtu mwenye haya angesema hapo. Mimi nilirudi nyumbani, nikafungua kompyuta, nikatafuta kaswida.

Sisi wa video za harusi tuna ugonjwa wetu. Pakikwama tunamwaga muziki. Mshereheshaji kakosea jina la bi harusi, muziki. Mama mkwe kanuna, muziki. Basi nikaitandaza kaswida ya taratibu juu ya mzee kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikaweka maua pembeni, nikaandika jina lake chini na Innalillahi. Ikapendeza. Na hilo linaniuma zaidi, kwamba ilipendeza kweli.

Walinialika kwenye arobaini nije nayo. Uani pamejaa, runinga imewekwa juu ya meza, wanaume chini ya turubai, wanawake upande wa jikoni. Mama Somoe alikuwa eda, kwa hiyo alikaa ndani karibu na kizingiti, khanga imemfunika kichwa, akitazama kutokea humo. Nikachomeka flashi.

Mzee akatokea, kaswida ikaanza, watu wakalia. Kwa muda nikadhani nimepona. Kisha nikaona wanaanza kutazamana, maana mdomo unazungumza na maneno hayaji, na kila mtu alikuwa ameshasikia kwamba mzee aliacha neno. Ilipoisha, Shaibu akaniuliza, kwa heshima tu wala si kwa ubaya, mjomba alikuwa anasema nini pale.

Wote wakanigeukia. Sheikh, wazee wa ukoo, yule mwenyekiti wa chama. Na mimi nimo ndani ya kizibao changu cha mifuko.

"Alikuwa anasoma dua," nikasema. "Anawaombea nyote."

Ikaitikiwa amina uwanja mzima. Somoe hakuitikia. Alisimama katikati ya wanawake akasema mtu anayesoma dua hanyooshi kidole shambani, na kwamba baba yake aliwaambia kwa mdomo wake kuwa amezungumzia shamba. Mzee mmoja wa ukoo akaniuliza, kidole kile basi ni cha nini. Na hapo, ndugu zangu, nikafanya jambo ambalo hata mwizi angelionea haya.

Nikasema kidole ni changu mimi. Nikawaeleza kwamba sisi wapiga picha huwa tunawapanga watu, kaa hivi, geuka huku, na kwamba nilimwambia mzee anyooshe mkono ili picha ipendeze. Wakaniamini, kwa sababu ni kweli huwa tunafanya hivyo. Hapakuwa na mtu pale ambaye hajawahi kuambiwa na mpiga picha acheke bila sababu.

Mzee yule akaniuliza kama nina hakika. Nikasema wallahi.

Nikatupa jicho kizingitini. Mama Somoe alikuwa ananitazama, na wala si kwa hasira. Alikuwa anasubiri, anadhani sijamaliza kusema. Nikakunja nyaya zangu, nikaaga kwamba nina kazi Masasi, nikaondoka kabla ya pilau.

Shamba likaenda kwa ukoo, ukoo ukampa Shaibu. Shaibu si mtu mbaya, lazima niseme ukweli huo. Aliuguza, alizika, na alichukua alichoamini ni chake kwa desturi, tena mbele ya shahidi aliyeapa. Nyumba alimwachia Mama Somoe, akasema hatamfukuza kamwe. Miti ikawa yake.

Mimi nikaendelea na maisha, kama ni maisha yale. Nilikuwa nikisikia kaswida harusini natoka nje, najifanya kwenda kutafuta betri. Niliacha kupokea simu za Newala. Nikawa mkali nyumbani bila sababu, mtoto akiwasha runinga kwa sauti namfokea.

Msimu wa korosho ulipofika, kituo kikanituma nikachukue picha za wakulima wakivuna. Niliomba iwe vijiji vya huku Masasi, wakakataa, mwandishi niliyepangiwa naye alikuwa ameshafanya miadi na mkulima mmoja hodari wa Newala, kijana, anayejua kujieleza. Sikuuliza jina. Tukakata kona ya kuingia Mnyambe, na tuliposimama aliyekuja kutupokea alikuwa Shaibu, anatabasamu, ananikumbatia kama ndugu.

Nikafunga stendi, nikatega kamera. Wakati mwandishi anaongea na Shaibu pembeni, mimi nikawa nachukua picha za karibu: mikono inaokota, inanyonga korosho itoke kwenye bibo, inatupa kwenye ndoo. Kulikuwa na mikono fulani ya mtu mzima, ina kasi, haikosei. Niliipenda, nikaifuata muda mrefu. Nikaiachia picha ipanuke nimwone mwenye mikono.

Alikuwa Mama Somoe. Eda imekwisha, na sasa anaokota kwa kibarua chini ya miti aliyoipanda mwenyewe.

Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia marahaba mwanangu. Akanyoosha mgongo polepole, akaiangalia kamera, kisha akaniuliza:

"Imeingia? Au niiname tena?"

Alishatuona ghalani, tunavyowarudisha wakulima nyuma wapite upya na magunia kichwani kila tusipoipenda picha. Mama wa watu alikuwa ananisaidia kazi yangu! Mtu anayeokota korosho namrudisha mara ngapi ninavyotaka, wala sioni aibu. Mzee Hamisi, mgonjwa, anayetaka kusema neno moja la kumlinda mkewe, sikumwomba arudie hata mara moja.

Nikamwambia palepale. Kwamba haikuwa dua. Kwamba sauti haikuingia. Kwamba kidole kile kilikuwa cha mumewe, sikukipanga mimi. Ndoo ilibaki mkononi mwake muda wote. Hakunitukana. Alisema tu kwamba kumwambia yeye peke yake hakumsaidii, nikayaseme mbele ya walewale nilioapa mbele yao.

Wazee wakaitwa siku hiyohiyo baada ya swala ya alasiri, barazani. Mwandishi wangu alikaa kwenye gari amekasirika, haelewi kinachoendelea. Nikaeleza yote, na yale maneno ya Kiswahili aliyoyasema mzee wakati wa chai nikayaeleza. Nilipomaliza Shaibu akaniuliza:

"Siku ile uliapa. Leo pia utaapa. Tushike kiapo kipi?"

Akasema basi, kama haikuwa dua, niyataje maneno ya mjomba kama alivyoyasema. Sikuwa nayo. Nilikuwa na picha nzuri ya uso, na majina mawili niliyoyaambulia. Wazee wakashauriana, wakasema shahidi mwenye ndimi mbili hawezi kumtoa mtu shambani. Mama akiona ameonewa aende kwenye baraza la ardhi, lakini na huko shahidi wake atakuwa huyuhuyu. Somoe akainuka, akaenda kulia ndani. Mimi nililia palepale mbele ya watu, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Mama Somoe akanisindikiza. Ndivyo alivyolelewa, hata mgeni aliyekubomolea nyumba unamtoa mpaka njiani. Na niwe mkweli, njiani nilikuwa nimeanza kusikia nafuu fulani. Nikajiambia nimeungama, nimeaibika mbele ya watu, yamekwisha.

Kumbe kulikuwa na kipande nilichokiruka. Katika maelezo yangu yote pale barazani nilikuwa nikisema "baadaye nikagundua sauti haipo". Baadaye. Hakuna mzee aliyeniuliza baadaye ipi.

Yeye akauliza.

"Ulijua lini, mwanangu?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema ni baada ya msiba, na nani angenibishia? Nikamwambia ni siku ileile niliyorekodi, jioni.

Alisimama. Akatazama chini, vidole vinakunja na kukunjua upindo wa khanga, nikajua anazirudia zile siku za ugonjwa, kuanzia ile ya kamera mpaka ile ya mazishi.

"Alikuwa anaongea," akasema. "Siku zote zile alikuwa anaongea, mpaka mimi ndiye namwambia nyamaza, pumzika."

Kisha akageuka, akarudi. Hakunilaani. Alikwenda kuichukua ndoo yake, maana kibarua cha siku ile kilikuwa hakijaisha.

Somoe amefungua shauri. Nimemwambia nitakwenda kila nitakapoitwa, waniite mwongo watakavyotaka. Sijui kama itasaidia, na wala simdanganyi kwamba itasaidia. Kituo kimeacha kunituma, mwandishi aliulizia baadaye kijijini, akawaeleza aliyoyasikia, na sina cha kulalamika. Harusi bado napiga kwa sababu watoto wanakula. Lakini siku hizi nikimbana mtu maiki namwambia aseme jina lake, naisikiliza sauti, namwambia aseme tena. Wananiona msumbufu. Wanione tu.

Wewe unayesoma haya, kama kuna kitu cha mtu umekiharibu na mwenyewe bado hajui, funga ukurasa huu uende. Usiseme kesho, usiseme akipata nafuu, usitafute maneno mazuri ya kuanzia. Mwambie umekosea na umwombe arudie. Atakufokea, atakucheka, watakucheka wote, halafu yataisha. Mimi niliukimbia mcheko wa watu wa ghalani, na sasa Mama Somoe anainama kila siku kwenye shamba lake, akijaza ndoo ya mtu mwingine.